Msiniambie Jina ni Jina Tu

Mwezi uliopita nilikaa barazani na wenzangu wawili wa kundi letu hili la waandishi, tukinywa kahawa, nikawaeleza kwamba niliwahi kukaa siku tisa nzima nikisoma kamusi ya majina ya vijiji. Hata sentensi sikuimaliza. Mmoja wao, ambaye mashairi yake mmeyasoma humu humu na ambaye nampenda kama ndugu yangu wa tumbo moja, akaangua kicheko. "Kamusi ya vijiji vya Bulgaria! Si bora usome kitabu cha namba za simu? Jina ni jina tu, bwana." Wa pili akaja na lile la upande mwingine: "Mwache. Mwacha asili ni mtumwa. Mwenzetu anatafuta damu yake."

Nimelala na maneno hayo, nimeamka nayo, na bado yananikera. Kwa maoni yangu mmekosea wote wawili. Naandika hapa kwa sababu kule barazani mlinizidi sauti.

Kwanza niseme nahusikaje, maana najua wapo watakaouliza Tanga na Bulgaria wapi na wapi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 baba yangu alikwenda Plovdiv kusomea kilimo, zama zile nchi za kisoshalisti zilipokuwa zikichukua vijana wa Kiafrika kwa wingi. Mwaka 1983 alirudi na shahada, sanduku la vitabu na mke. Huyo mke ndiye mama yangu. Alijifunza kupika wali wa nazi, akajifunza Kiswahili mpaka akawa anagombana na wauza samaki bila mkalimani, na mtaa mzima ukamwita "yule Mbulgaria". Sisi wanawe tulijua hivyo hivyo. Alifariki mwaka 2014, Mungu amrehemu.

Lakini kulikuwa na mambo mawili ambayo hayakukaa sawa. La kwanza, akisimulia habari za mzazi wake wa kiume, alimwita "baba". Sisi tukaona kawaida, kwani si Kiswahili hicho? Kumbe kwa Kibulgaria neno "baba" maana yake ni bibi! Anayemwita mzazi wake wa kiume "baba", kule, ni mtu aliyelelewa kwa Kituruki. La pili, kijiji alichotuambia amezaliwa sicho kilichoandikwa kwenye cheti chake cha kuzaliwa. Ukimuuliza anasema, "Ni kile kile, mwanangu. Kula."

Alipofariki tulikuta bahasha katika sanduku lake la nguo. Barua ya mwaka 1985, imeandikwa kwa Kibulgaria, na nyuma ya bahasha pana jina la mwanamke wa Kibulgaria tusiyemjua. Nikamuuliza baba huyu nani. Mzee alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Ni bibi yako. Mama yake mama yako. Ndiyo jina walilompa."

Basi hapo ndipo nilipoanza kujua. Mama yangu alikuwa mmoja wa Waturuki wa Bulgaria, watu walioishi nchi ile tangu zama za dola ya Uthmaniya, ambayo iliitawala kwa karibu miaka 500. Toka mwisho wa Desemba 1984 hadi miezi ya mwanzo ya 1985, serikali ya Bulgaria iliwabadilisha majina kwa nguvu. Polisi na wanajeshi walizingira vijiji, kuanzia upande wa Kardzhali kusini mwa nchi, watu wakapewa karatasi zenye majina ya Kibulgaria wachague. Zaidi ya watu laki nane walipata majina mapya. Kituruki kikapigwa marufuku hadharani. Pale Momchilgrad watu waliandamana Desemba hiyo hiyo, wakapigwa risasi. Serikali iliita jambo hilo "mchakato wa kuzaliwa upya". Mama wakati huo alikuwa Tanga, akijifunza kukuna nazi, na barua ya mama yake ikamfikia ikiwa na jina la mtu mwingine.

Sasa wewe uliyesema jina ni jina tu, nisikilize vizuri.

Mwaka 2017 nilipata nafasi ya kwenda Bulgaria kwa wiki chache. Nikaenda kwenye ofisi moja ya serikali za mitaa, sitaitaja, nikiwa na cheti cha mama. Karani alikuwa mpole, alinipa hata kiti. Akanitolea karatasi ya ukoo wa mama. Ndani yake babu mzaa bibi, ambaye alikufa muda mrefu kabla ya hayo ya 1984, yumo na jina la Kibulgaria ambalo katika uhai wake hakuwahi kuitwa hata siku moja! Hawakuishia kwa walio hai, jamani. Daftari zilirudiwa nyuma, wafu nao wakabatizwa upya, na makaburini mawe yenye maandishi ya Kituruki yakavunjwa au yakafutwa. Kwa hiyo mtu anayetafuta ukoo kwa kufuata majina ya watu, kule kwetu upande wa mama, anafuata njia iliyofukiwa makusudi. Nikamwambia karani jina la kijiji kama mama alivyolitamka. Akatazama kompyuta yake, akatikisa kichwa. Hakuna kijiji cha namna hiyo.

Ndipo mtu mmoja mwema akanielekeza kwenye kamusi. Inaitwa, kwa Kiswahili chetu, Kamusi ya Makazi na Majina ya Makazi katika Bulgaria, 1878–1987. Waliyoitunga ni Nikolay Michev na Petar Koledarov, ikachapwa Sofia mwaka 1989. Haina hadithi ndani yake, wala picha. Kila kijiji kina mistari yake: jina la sasa, wilaya, majina ya zamani, amri iliyolibadilisha na tarehe yake, kama kijiji kiliunganishwa na kingine, kama kilihamwa, kama kilifutwa. Nikatafuta jina la mama kwa sikio, kwa sababu sikuwa nalo kwa maandishi. Siku ya nne nikalikuta. Jina la zamani, lile lile la mdomoni mwa mama, na mbele yake: limebadilishwa kwa amri ya waziri namba 3775, iliyotangazwa tarehe 7 Desemba 1934.

Mwaka huo 1934 ni wa kukumbukwa. Mwezi Mei yalitokea mapinduzi, na serikali mpya ikaamua kusafisha ramani. Amri namba 2820 ya tarehe 14 Agosti na hiyo ya Desemba zilifyeka majina kwa mamia. Mastanli ikawa Momchilgrad, Koshukavak ikawa Krumovgrad, Osman Pazar ikawa Omurtag, Kemanlar ikawa Isperih. Angalieni majina yaliyoletwa: Krum, Omurtag na Isperih ni watawala wa Bulgaria wa zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, Momchil ni bwana wa milima ile wa karne ya 14. Yaani waliruka miaka 500 ya katikati kama mtu anavyoruka dimbwi. Na kutoka amri ya Desemba 1934 ya kubadilisha vijiji mpaka Desemba 1984 ya kubadilisha watu ni miaka 50 kamili. Walianza na kijiji, wakamalizia na bibi yangu. Anayesema jina la mahali halina madhara na aniambie kwa nini wenye mabavu huanza na hilo.

Lakini sasa tazameni ajabu ya kitabu chenyewe. Kimetoka 1989. Katika mwaka huo serikali ilikuwa bado inashikilia kwamba Bulgaria haina Waturuki, ina Wabulgaria tu ambao mababu zao walisilimishwa kwa nguvu. Mwezi Mei watu wa vijijini wakaandamana, mpaka ukafunguliwa, na kufikia Agosti zaidi ya watu 300,000 walikuwa wamevuka kuingia Uturuki. Walitoka kwa pasipoti za watalii, ndiyo maana hadi leo kule uhamisho huo unaitwa kwa kejeli "Matembezi Makubwa". Bibi yangu alikuwa mmoja wao. Na mwaka ule ule, katika mji mkuu wa nchi ile ile, kitabu kinachapwa kikiwa na majina ya Kituruki ukurasa hadi ukurasa, kila moja na tarehe ya kunyongwa kwake! Sisemi kilikuwa kitabu cha upinzani. Kilikuwa kazi ya ukarani, iliyofanywa bila kuruka mstari. Lakini ukarani wa namna hiyo, ndugu zangu, ulinifaa kuliko hotuba zote nilizowahi kusikia kuhusu haki za watu. Bunge la Bulgaria lilikuja kulaani rasmi yale mambo ya kubadilisha watu majina Januari 2012. Kamusi ilikuwa imeshaweka ushahidi wa vijiji miaka 23 kabla.

Bibi mwenyewe alikuwa na majina matatu. La kwanza alilopewa na wazazi wake. La pili alipewa 1985. La tatu ni jina la ukoo alilolichukua alipofika Uturuki, maana kule sheria ya mwaka 1934 (mwaka ule ule, mnaona?) inamtaka kila raia awe na jina la ukoo. Alifariki Bursa mwaka 1996. Binamu yangu alinipeleka kaburini. Juu ya jiwe pana jina lake la kwanza, na mahali alipozaliwa, kwa jina la kijiji la kabla ya 1934. Basi, katika makaratasi yote ya mwanamke yule, kitu pekee kilichonipeleka kwake bila kunidanganya ni jina la kijiji. Kama ningemfuata kwa majina yake ningewakuta wanawake watatu wasiojuana.

Nakusikia unasema, haya ni ya Waturuki tu, ni msiba maalumu. Hata kidogo. Mbulgaria wa kanisani naye yamo. Chukua mji mmoja wa kaskazini-magharibi. Uliitwa Kutlovitsa, 1891 ukapewa jina la mtawala, Ferdinand, 1945 ukawa Mihaylovgrad, jina la mkomunisti, 1993 ukawa Montana. Mwanamke angeweza kuzaliwa Ferdinand, akaolewa Mihaylovgrad na akazikwa Montana bila kuvuka mto. Mjukuu wake aliyeko Chicago akizitandaza zile karatasi tatu mezani, atadhani bibi alikuwa mzururaji. Mji wa bandari wa Varna, toka 1949 hadi 1956 uliitwa Stalin. Nenda kawaulize waliozaliwa miaka hiyo vyeti vyao vinasemaje! Dobrich ndiyo balaa: ilikuwa Hadzhioglu Pazardzhik zama za Uthmaniya, Dobrich 1882, Bazargic ilipokuwa chini ya Romania toka 1913 hadi 1940, Tolbuhin toka 1949 kwa heshima ya jemadari wa Kisovieti, na 1990 ikarudi kuwa Dobrich. Mtu asiye na kamusi mkononi atatafuta jamaa zake katika miji minne, na yote ni mji mmoja.

Tena Wabulgaria wengi wa zamani hawakuwa na jina la ukoo lililotulia. Mtoto aliitwa kwa jina lake na la baba yake, mjukuu naye vivyo hivyo, ukoo ukabadilika kila kizazi, kama ilivyo kwetu tunaoitwa fulani bin fulani. Kwa watu wa namna hiyo kijiji ndicho kamba ya kushikilia. Ukikijua kijiji, na ukijua kiliitwaje mwaka gani, ndipo unapojua ufungue daftari lipi: la kabla ya amri kwa jina la zamani, la baada ya amri kwa jina jipya. Na ukitaka kwenda nyuma zaidi ya 1878, yapo madaftari ya kodi ya Uthmaniya, yenye majina ya wakuu wa kaya kijiji kwa kijiji. Mengi yako Sofia, katika Maktaba ya Taifa, na baadhi yalifika kwa njia ya kuchekesha: mwaka 1931 marundo ya makaratasi ya serikali ya zamani yaliuzwa kutoka Istanbul kama takataka za kiwandani, yakapelekwa Bulgaria, huko wenye macho wakaona ni nini. Madaftari hayo yameandikwa kwa herufi za Kiarabu. Mswahili aliyewahi kuhangaika na barua ya babu yake iliyoandikwa kwa herufi hizo hizo anajua tabu ilivyo: irabu hazipo, unaona mifupa ya jina, nyama uilete mwenyewe. Bila kamusi ya kukuonyesha majina yaliyowezekana, unasoma hewa.

Na nyinyi mnaopenda lugha, mbona hamkuniuliza yanayofurahisha? Katika vijiji vya milimani watu hawataji kijiji, wanataja "mahala" yao, yaani kile kitongoji chenye nyumba chache. Ndiyo, mahala! Neno limetoka Kiarabu likapita kwa Waturuki kufika kwao, na limetoka Kiarabu likapita baharini kufika kwetu. Mji uitwao leo Blagoevgrad, mpaka 1950 uliitwa Gorna Dzhumaya, na wewe mwenye masikio unasikia Ijumaa humo ndani. Ijumaa ya Juu. Targovishte ya leo ilikuwa Eski Dzhumaya, Ijumaa ya Zamani. Nilipoyasoma maktabani nilicheka peke yangu, mzee wa meza ya pili akanitazama kama mwehu.

Sasa zamu yako wewe wa pili, wa mwacha asili ni mtumwa. Ulinitetea, nashukuru, lakini utetezi wako ni wa hatari kuliko kicheko cha mwenzako. Sikwenda kutafuta damu, kwa sababu kamusi hiyo haina damu. Orhanie ilikuwa na jina la sultani Orhan, na wakazi wake wengi walikuwa Wabulgaria. 1934 ikapewa jina la mshairi Hristo Botev, ikawa Botevgrad. Stanimaka ilikuwa na jina la Kigiriki na Wagiriki wake; leo ni Asenovgrad. Jina la Kituruki halithibitishi kwamba babu yako alikuwa Mturuki, wala jina linaloishia na -ovo halithibitishi kwamba alikuwa Mbulgaria tangu Adamu. Wapo watu, pande zote za mpaka ule, wanaoshika vitabu vya namna hii kama hati ya kiwanja: hapa petu, tokeni. Hao ni ndugu wa yule waziri wa 1934, tofauti ni kwamba hawajapata mhuri. Mimi sitaki kiwanja cha mtu. Nilitaka anwani ya bibi yangu.

Ndiyo maana nasema kamusi ya majina ya vijiji isisomwe kama kitabu cha simu na isisomwe kama kitabu cha damu. Isomwe kama daftari la mahakama. Haitakuambia wewe ni nani. Itakuambia nani aligusa jina la kwenu, kwa amri namba ngapi, tarehe gani, na toka hapo kazi ya kutafuta ni yako. Na ukiwa na tarehe huwezi tena kudanganywa kwamba mambo yalikuwa hivi tangu zamani.

Mama alinyamaza miaka 30 mjini Tanga, mahali ambapo hakuna polisi wa Bulgaria wala mtu ambaye angemdhuru kwa kuitwa Mturuki. Hiyo ndiyo nguvu ya kufuta jina, kwamba mwishowe unajifuta mwenyewe na unawaambia watoto "kula". Simlaumu. Ila sikubali mtu aniambie, mbele ya kikombe cha kahawa, kwamba lile alilolificha lilikuwa jina tu.

Bibi yangu mzaa baba naye ana jina la mahali analolitaja, pale walipokuwa kabla ya kuhamishwa na operesheni ya vijiji mwaka 1974. Nimeshaliandika kwenye daftari langu, pamoja na jina la kijiji walichopelekwa na mwaka. Nyinyi wawili mna bibi zenu, wote wazima. Nendeni mkawaulize wiki hii, muandike na tarehe. Kisha njooni barazani mnijibu, na safari hii mniache nimalize sentensi.